Raha Yako, Bili Yako: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mashabiki wa Mpira na Tamthilia

Masimba, huku Kisii, ni soko, stendi ya boda boda, na mashamba ya chai na migomba yanayoanza pale maduka yanapokoma. Jioni ikiingia, watu wake husafiri mbali bila nauli. Huyu yuko Emirates, yule yuko Old Trafford, na mwingine ameketi sebuleni mwa tajiri wa tamthilia ambaye wiki ya tatu sasa hajang'amua kwamba mtoto si wake. Si kosa. Aliyeamka alfajiri kukama na kushinda mgongo umeinama kwenye majani ya chai ana haki ya saa mbili za kumpigia kelele au kumlilia mtu asiyemfahamu.

Kosa liko kwenye bili. Chunguza fujo yoyote ya ushabiki hapa Masaba Kusini, utakuta mmoja aliyefurahi na mwingine aliyelipa: mama aliyenyang'anywa kipindi chake, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo, jirani aliyekesha bila kutaka. Kanuni hizi hazimkatazi mtu kupenda. Zinauliza swali moja tu: raha hii inalipiwa na nani? Kama si wewe, acha.

SEBULENI

1. Panga ratiba kabla jua halijatua.

Nyumba yenye runinga moja na mapenzi mawili inahitaji karatasi ukutani. Andika mechi, andika vipindi, kila mtu aone. Na ukiandika, kumbuka kwamba Waingereza husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi chochote. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa tisa alasiri kwao hutufikia saa kumi na moja jioni wakati wao wa joto, na saa kumi na mbili wakati wao wa baridi. Tofauti ya saa moja inaonekana ndogo mpaka Novemba ifike. Hapo mechi iliyokuwa ikiisha kabla ya taarifa ya habari ya saa moja inaangukia katikati ya taarifa hiyo na kugusa kipindi cha saa moja na nusu. Mzee anataka habari, mama anataka tamthilia, kijana anadai dakika kumi za nyongeza. Ugomvi huo ulijulikana tangu Oktoba. Aliyeshindwa kuuona ukija asiseme ameonewa.

2. Usibadilishe chaneli mtu akiwa jikoni.

Huo ni wizi. Mama ameinuka wakati wa matangazo kugeuza ugali, mwiko bado uko mkononi, anarudi na kukuta vijana ishirini na wawili wakikimbia kwenye nyasi. "Tulidhani umemaliza" si utetezi. Aliyekuwa akitazama ndiye mwenye runinga mpaka kipindi kiishe, hata kama dikoda uliinunua wewe na tokeni za stima umenunua wewe.

3. Usidharau machozi ya mwenzako.

Mwanamume aliyeshika kichwa kwa mikono miwili kwa sababu mtu wa London amekosa penalti hana ruhusa ya kumcheka mwanamke anayelia kwa sababu Maria amefukuzwa. Tamthilia ya Maria ilipoanza kuonyeshwa kwenye runinga ya Citizen mwaka 2019, saa moja na nusu jioni, ilifunga watu majumbani katika kaunti zote, wanaume wakiwemo, ingawa wengi wao walidai wanapita tu sebuleni. Kilichowakalisha ni kilekile kinachokukalisha wewe: kutojua kitakachotokea. Tena tamthilia ina deni dogo kwako kuliko mpira. Mwandishi wake angalau amejitahidi mwisho uwe na maana. Mechi ya sare tasa haikuahidi hata hilo.

4. Jibu maswali ya nyanya.

Nyanya ameketi karibu na mlango akichambua chinsaga, majani kwenye sinia, mabua chini. Tamthilia imetoka Mexico, au Ufilipino, au Uturuki, na midomo inasema lugha moja huku sauti ikitoka kwa Kiingereza. Anauliza: "Huyo mwenye shati jeupe ndiye aliyeiba shamba?" Mwambie. Akiuliza tena kesho, mwambie tena. Usimjibu kwa "nyamaza kwanza, nyanya". Yeye ndiye aliyekusimulia hadithi gizani kabla stima haijafika kijijini, na hakukuambia unyamaze ulipouliza kama fisi alikufa kweli.

5. Heshimu chinsoni.

Hapa pana ukali wa pekee, maana jambo hili ni letu na hakuna kampuni ya runinga itakayotusaidia. Kwa Wagusii, chinsoni ni mipaka ya heshima: baba na mke wa mwanawe wana mipaka yao. Baba na watoto waliokua wana mipaka yao. Yanayohusu kitanda hayatajwi mbele yao, sembuse kuonyeshwa. Tamthilia haijui hilo. Sekunde moja watu wanagombania urithi, sekunde inayofuata wanavua mashati. Mzee anakohoa. Mke wa kijana anakumbuka ghafla kwamba kuna sufuria haijaoshwa. Kijana anapapasa rimoti, na kwa kuwa mkono unatetemeka, anaongeza sauti.

Fanya hivi: mjue tabia ya kipindi kabla ya kukileta mbele ya vizazi viwili. Kama kina mambo hayo, wazee watazame taarifa ya habari na wasindikizwe kwa heshima, au kipindi kitazamwe kwa simu katika nyumba ya kijana. Usifanye hivi: usijidai kwamba siku hizi mambo yamebadilika na mzee azoee. Anayelipa hapo ni baba yako, na sarafu anayolipia ni heshima yake ndani ya boma lake mwenyewe.

6. Usimpige mawe mwigizaji kwa dhambi za mhusika.

Kila tamthilia ina mwanamke mbaya, na kila mwanamke mbaya wa tamthilia ana simu inayojaa matusi ya watu wazima wenye akili timamu. Jizuie. Mzee Ojwang' wa Vitimbi aliwachekesha Wakenya kwa miongo kadhaa kwa lafudhi ya Kijaluo, na wengi waliamini kabisa kwamba ametoka Nyanza. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Alifariki Julai 2015, akaliliwa na watu wa makabila yote. Charles Bukeko alipofariki Julai 2020, wengi walimwomboleza kwa jina la Papa Shirandula kabla ya kukumbuka lake. Kumwita mwigizaji kwa jina la mhusika ni sifa kwa kazi yake. Kumtukana kwa makosa ya mhusika ni ujinga, na anayeubeba ni mtu aliyekwenda kazini tu.

7. Usimwage siri ya kipindi.

Umeona sehemu ya kesho kwenye simu kwa sababu una bando. Hongera. Kaa nayo. Anayesema sokoni "yule mzee anakufa Ijumaa" amewaibia watu siku tatu za wasiwasi walizozisubiri. Vivyo hivyo kwa anayepokea matokeo kwenye simu sekunde kadhaa kabla ya picha na kupiga ukelele "goo!" wakati mpira bado uko katikati ya uwanja machoni pa wengine.

KIBANDANI

8. Lipa kiingilio.

Kuingia kibanda cha mpira ni shilingi chache. Usisimame dirishani ukijifanya unamsubiri rafiki, huku shingo imerefuka mpaka ndani ya chumba. Mwenye kibanda analipia king'amuzi kila mwezi, analipa stima, amenunua viti ambavyo kila bao la ushindi huvunja kimoja. Ukivunja kiti, lipa kiti. Furaha si bima.

9. Kubalianeni kuhusu stima kabla ya mechi.

Mvua za alasiri hapa milimani hazina ratiba, na stima hupotea dakika ya themanini. Mwenye kibanda aseme mapema: ikipotea kabla ya mapumziko anarudisha nusu, baada ya hapo hakuna. Aseme pia kama ana jenereta na kama ina petroli. Baada ya kusema, asitukanwe. Hakuzima yeye.

10. Usiruhusu watoto usiku.

Si suala la kujadili. Kibanda cha saa nne usiku kina sigara, kina pombe, kina lugha. Mzazi anayesema "yuko tu na wenzake kwenye mpira" hajui mwanawe yuko wapi.

11. Usibebe usiku wa Ulaya ukauweka juu ya alfajiri ya chai.

Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza saa nne usiku wetu, na baada ya Oktoba huanza saa tano. Mechi ya saa tano inaisha karibu saa saba. Ikiwa na muda wa nyongeza na penalti, ongeza karibu saa nzima. Kisha kuna njia ya matope, mbwa wa watu, na mlango ambao lazima mtu aamke akufungulie. Ng'ombe anataka kukamwa saa ileile aliyokamwa jana. Majani mawili na chipukizi yanataka kuchumwa kwa zamu yake. Ukiruka siku, yanakomaa, na karani wa kituo cha kununulia chai hapokei majani magumu kwa sababu Real Madrid imerudi kutoka nyuma. Ukitaka kukesha, kesha. Lakini alfajiri inuka wewe. Usimwachie mke ndoo ya maziwa na kapu la chai kisha useme unaumwa na kichwa.

UWANJANI

12. Nenda Gusii Stadium.

Kuna jambo Waingereza hulifanya ambalo sisi tunaowatazama hatuligundui. Jumamosi, kati ya saa nane na dakika 45 na saa kumi na moja na robo kwa saa zao, nchini mwao hairuhusiwi kuonyesha mechi moja kwa moja kwenye runinga. Zuio hilo lina miongo mingi, na sababu yake ni kwamba watu waende viwanjani, hasa kwa timu ndogo za miji yao. Kwa hiyo mchuma chai wa Masimba anatazama mechi ambayo mkazi wa jiji lilelile inamochezwa hawezi kuiona sebuleni kwake. Wenyewe wanailinda timu ya nyumbani. Sisi tunaitelekeza yetu kwa ajili ya yao.

Shabana, timu yetu ya Kisii, ilianzishwa mwaka 1980. Ilishuka, ikapotea kwenye ligi za chini, na iliporudi Ligi Kuu mwaka 2023 ilikuwa imekaa nje kwa karibu miaka 17. Miaka hiyo yote, waliokuwa wakiimba "Tore Bobe" ni wale waliolipa kiingilio, si wale waliokuwa wakibishana kuhusu kiungo wa Chelsea. Uwanja wenyewe ulikarabatiwa kwa ajili ya sherehe za Mashujaa za Oktoba 2020. Matatu za kwenda Kisii zipo. Nenda angalau mara chache kwa msimu, nunua tiketi, nunua karanga kwa mama anayeuza pale nje. Na kama bado unataka sababu ya Kizungu: Mike Okoth, baba yake Divock Origi aliyefunga bao la pili la Liverpool katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2019, aliwahi kuichezea Shabana. Uliyekuwa ukimshangilia alikuwa mtoto wa mtu aliyepita hapa.

13. Usiingie bila tiketi, na usisukume langoni.

Tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba walikufa katika msongamano Nyayo, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Walikwenda kutazama mpira. Usisahau hesabu hiyo unapoona lango limefungwa na watu wa nyuma wanasukuma.

Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa mashindano ya CHAN, mashabiki waliingia Kasarani kwa nguvu. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, likatoza faini, kisha likapunguza tiketi za mechi ya Harambee Stars na Zambia hadi 27,000, katika uwanja unaochukua zaidi ya 40,000. Waliovunja geti walikwisha kuona mechi zao. Waliofungiwa nje ni wale waliotaka kununua tiketi, waliokuwa wamepanga nauli kutoka mikoani. Mwaka 2027 nchi hizi tatu zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Muda wa kujifunza kupanga foleni ni huu.

14. Usilete kabila kwenye ushangiliaji.

Watanie Gor, watanie Leopards, waambie wamezeeka, waambie walinzi wao wanalala. Ukifika kwenye kabila la mtu, umetoka kwenye mpira. Na kama unadhani Shabana ni mali ya damu moja, kumbuka jina lenyewe lilitokana na duka la hadiwea mjini Kisii. Hatukulibuni sisi, na hatujalibadilisha, kwa sababu timu ni ya anayeishangilia.

15. Usijue ya Manchester bila kujua ya kwenu.

Kijana anaweza kukutajia wachezaji wa akiba wa Manchester City lakini hajui kwamba medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na Mgusii wa Nyamira. Naftali Temu, mita 10,000, Mexico City, Oktoba 13, 1968: dakika 29 sekunde 27.4, mbele ya Mamo Wolde wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Kabla yake Nyandika Maiyoro alikuwa wa saba mbio za mita 5,000 Melbourne mwaka 1956 na wa sita Roma mwaka 1960. Baada yake Yobes Ondieki akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 Tokyo mwaka 1991, na Julai 10, 1993, mjini Oslo, akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27: 26:58.38. Yafundishe majina haya nyumbani. Mtoto asiyejua kwamba barabara anayopanda kwenda shule inafanana na zile zilizowatengeneza mabingwa atadhani ushindi hutoka kwenye runinga tu.

MFUKONI

16. Usibeti pesa yenye jina.

Pesa ya karo ina jina. Pesa ya mbolea ina jina. Bonasi ya chai ya Oktoba ina majina ya watu wote waliochuma, hata kama akaunti ina jina lako peke yako. Ukitaka kucheza, cheza pesa ambayo ingekwenda kwenye soda, na ikipotea usiitafute. Anayerudi kukomboa iliyopotea ndiye anayepoteza shamba.

17. Piga hesabu kabla ya kuweka mkeka.

Mkeka wa mechi kumi unaonekana mtamu kwa sababu kila mechi peke yake inaonekana rahisi. Tuseme una jicho kali na kila mechi una nafasi 6 kati ya 10 za kupatia. Zote kumi kwa pamoja nafasi yako ni kama 6 katika 1,000. Jakpoti ya mechi 17 ni kali zaidi. Kila mechi ina matokeo matatu, na mipangilio yote ni 129,140,163. Wakenya waliohesabiwa katika sensa ya 2019 walikuwa karibu milioni 47.6. Hata kila mmoja wetu, pamoja na watoto wachanga, angeweka mkeka tofauti na wa mwenzake, mipangilio zaidi ya milioni 80 ingebaki bila mtu. Anayekuambia ana "mechi za uhakika" na anaziuza kwa shilingi mia mbili, muulize kwa nini anahitaji mia mbili yako.

18. Usibeti kwa Fuliza.

Pesa hiyo ni mkopo wa M-Pesa, na ada yake huongezeka kila siku mpaka uilipe. Mechi inaisha kwa dakika tisini. Deni halina filimbi. Na mshahara au malipo ya chai yakiingia M-Pesa, linakatwa kabla hujaamka.

19. Usimpe mtoto kitambulisho wala laini ya simu ya kubetia.

Kamari ni ya miaka 18 na zaidi. Mjomba anayemwachia mpwa wake wa kidato cha pili simu "aweke tu kamoja" amemfundisha somo ambalo hakuna mwalimu atakayelifuta.

BAADA YA FILIMBI

20. Shangilia kwa kipimo.

Januari 2023, Arsenal iliifunga Manchester United 3-2. Kesho yake polisi wa Jinja, Uganda, waliwakamata mashabiki wanane waliokuwa wakitembeza kombe mjini bila kibali. Msimu ulikuwa umefika katikati tu. Ulipoisha, ubingwa ulikuwa wa Manchester City. Piga honi ya boda boda mara moja, mara mbili, kisha lala. Aliye na mgonjwa nyumbani hakufunga bao lolote.

21. Usipige mtu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walichunguza rekodi za polisi wa eneo moja la Uingereza wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. England iliposhindwa, ripoti za ukatili wa nyumbani zilipanda kwa asilimia 38. Iliposhinda au kutoka sare, zilipanda kwa asilimia 26. Soma tena hiyo ya pili. Kwa hiyo usiseme ni uchungu wa kufungwa. Ni mkono, na mkono una mwenyewe. Kama mpira unakurudisha nyumbani na ngumi, acha mpira. Jirani anayesikia kilio asingoje bao la pili. Agonge mlango, aite wazee, aite chifu, aite polisi.

22. Usibaki peke yako na uchungu.

Mei 2009, usiku Arsenal ilipofungwa 3-1 na Manchester United katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, shabiki mmoja Nairobi alijitoa uhai. Desemba 2013 jiji lilimpoteza mwingine, wa Manchester United, baada ya timu kufungwa 1-0 na Newcastle. Mara nyingi mtu aliyefikia hapo alikuwa amebeba mengine: deni, upweke, mkeka uliochanika. Kwa hiyo fanya hivi: ukimwona mwenzako kimya kupita kawaida, mpeleke mpaka kwake, ukae naye, umuulize ana deni gani. Utani wa usiku huo mwachie mwingine.

23. Utani uishe kabla ya chai ya saa nne.

Asubuhi ya kwanza, tania upendavyo. Baada ya chai ya saa nne, yatosha. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nao walioshinda wakubali kwamba mechi imekwisha.

24. Usitazame matokeo mazishini.

Mazishi mengi huangukia siku za mechi, na hotuba ni nyingi. Tumekuona. Simu iko ndani ya kofia, kofia iko magotini, na uso una huzuni inayobadilika kila anapokaribia mtu kufunga. Marehemu hatazikwa mara ya pili. Mechi ina marudio saa tatu usiku.

ADHABU

Kanuni bila adhabu ni maombi, kwa hiyo adhabu ni hizi. Aliyebadilisha chaneli anapewa kadi ya manjano na kuosha vyombo wiki nzima. Aliyemwaga siri ya kipindi anatazama sehemu tatu zinazofuata akiwa jikoni, kwa kusikia tu. Aliyemwachia mwingine kukama ng'ombe kwa sababu ya Ulaya anakama asubuhi na jioni mpaka msimu uishe. Aliyebeti pesa yenye jina anatoa hesabu mbele ya mwenye jina hilo, kwa sauti, na laini ya simu inashikwa na mtu mwingine. Aliyeinua mkono hana kadi ya manjano. Anatoka, na kesi yake haiishii sebuleni.

Rufaa itasikilizwa na mama mwenye nyumba, kipindi chake kikishaisha. Si kabla.